Bluu ya usiku au kijani cha chupa kwa sebule inayotazama ziwa?

Swali: "Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba yetu huku Bangwe, Kigoma, na ndani bado kuna praima nyeupe tu. Sebule ni mita 4 kwa 5, kuta zina kimo cha mita 3, na dirisha kubwa liko kwenye ukuta mrefu unaotazama ziwa, magharibi. Sakafu ni marumaru ya rangi ya maziwa, dari ni jipsamu nyeupe, makochi ni ya kahawia. Tumechoka na krimu ya kila nyumba, tunataka rangi nzito. Mimi nataka kijani cha chupa. Mume wangu anataka bluu ya usiku, ile inayokaribia nyeusi. Kadi ya rangi tunayo, na kila tukiifungua tunabishana upya. Ipi itakaa vizuri? Na chumba hakitakuwa na giza na joto?"

Jibu:

Marahaba, dada. Msalimie shemeji, na mwambie mapema kwamba safari hii kura yangu imeangukia kwako. Sebule hiyo ipakwe kijani. Bluu yake si mbaya, na ndani ya nyumba hiyohiyo nimeshaionea mahali, tutafika. Ungeniambia dirisha lenu kubwa linatazama mlimani, jua linakotokea, ningemuunga mkono yeye bila kusita.

Nianze na jua, maana ndilo linaloamua, na ndilo sisi watu wa Kigoma tunalolisahau. Saa zetu za ukutani ni za nchi nzima, lakini jua letu ni la huku. Saa ya taifa imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Dar es Salaam iko kwenye 39 hivi, sisi tuko kwenye 29 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua linakuja kutukalia utosini kama saa saba mchana badala ya saa sita, na jioni, Dar wakiwa wameshafunga mapazia, hapa Bangwe bado linawaka juu ya milima ya Kongo. Linazama karibu saa moja, na mwezi wa Februari hupitiliza kwa dakika ishirini na zaidi.

Kwa ukuta wako maana yake ni hii. Asubuhi nzima mpaka saa saba, sebule haipati jua hata chembe. Inapata mwanga wa anga na wa maji tu, mwanga uliopoa, wenye ubluu ndani yake. Kuanzia alasiri inapigwa jua uso kwa uso, kwanza jeupe, kisha la manjano, na saa kumi na mbili linakuwa la rangi ya chungwa kabisa. Na hizo ndizo saa ambazo watu wamerudi, watoto wako chini na madaftari, mgeni amekaribishwa. Rangi ya sebule yako itatazamwa zaidi kwenye mwanga wa chungwa kuliko mwanga wowote mwingine.

Ukuta hauna mwanga wake. Wa bluu unaonekana bluu kwa sababu unarudisha sehemu ya bluu ya mwanga unaoupiga na kumeza iliyobaki. Jua la jioni limepita kwenye hewa nyingi mno kabla ya kufika kwako, na huko njiani limepoteza sehemu kubwa ya bluu yake. Basi bluu nzito inakosa cha kurudisha. Inabaki weusi wenye ukijivu, kama chini ya sufuria iliyozoea kuni. Kijani cha chupa kina manjano ndani yake. Likija jua la chungwa yale manjano yanaamka, na ukuta unakuwa kama jani la mwembe lililokomaa, lile la mwaka jana, si jipya.

Hili sikuambiwa na mtu. Miaka mingi nyuma nilipaka sebule bluu nzito kwa mzee mmoja kule Kibirizi, dirisha magharibi kama lako. Nilimaliza saa tano asubuhi, bluu imetulia kama kanga ya dukani, nikajipongeza mwenyewe. Jioni mzee akaniita. Hakugomba, alinikaribisha kwenye kochi, akaniletea chai, tukakaa. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, ukuta wa mkabala na dirisha ulikuwa na pande moja la mwanga wa chungwa katikati, limekaa kama kitambaa kilichobandikwa, na kulizunguka hapakuwa na bluu tena, palikuwa na masizi. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Fundi, hii ndiyo bluu tuliyokubaliana?" Niliurudia ukuta ule kwa pesa yangu.

Haki ya shemeji nayo niitaje. Bluu ina saa yake, na ni nzuri hasa. Jua likishazama na taa hazijawashwa, jicho la binadamu huanza kupoteza wekundu mapema, huku bluu na kijani bado inaziona. Jan Purkyně, mwanafiziolojia wa Kicheki, aliligundua jambo hilo kwenye maua mwanzoni mwa karne ya 19: ua jekundu linageuka jeusi wakati majani yake bado yana uhai. Kwenye nusu saa hiyo ukuta wa bluu ya usiku unakuwa kama anga imeingia ndani, na dirishani taa za wavuvi wa dagaa zinaanza kujipanga majini. Mtu akikaa hapo mara moja tu ataitaka bluu maisha yake yote. Lakini ni nusu saa, dada. Baada ya hapo mnawasha taa.

Na taa zenyewe ni shauri jingine. Nyumba nyingi huku zinatumia balbu nyeupe kali, ile ambayo boksi lake limeandikwa 6500K. Chini ya taa hiyo bluu inabaki bluu, kweli, ila chumba kinakuwa baridi kama wodi na nyuso za watu zinapauka. Ukiweka taa ya manjano ya 2700K au 3000K nyuso zinarudi, lakini bluu ya usiku inakwenda tena kwenye weusi, kwa sababu ileile ya jua la jioni. Kijani kinavumilia taa zote mbili. Kwenye nyeupe kinasogea kidogo kuelekea bluu, kwenye ya manjano kinasogea kuelekea zeituni, na pote pawili bado utakiita kijani. Mimi ningekuwekea 3000K.

Jambo la pembeni ambalo wenye nyumba mpya hulishangaa: lile pande la jua ukutani linahama. Juni jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi, kwa hiyo mwale unaingia na kwenda kwenye kona ya kusini-mashariki ya chumba. Desemba ni kinyume, unakwenda kona ya kaskazini-mashariki. Usipange kochi zuri la kitambaa kwa kuangalia wiki moja.

Umeuliza giza na joto. Joto nitalimaliza haraka. Rangi nzito ya ndani haileti joto kutoka popote. Kinachopasha chumba chako ni jua linaloingia kwa dirisha, na ambalo ukuta mweupe ungelirudisha kwa sehemu nje kupitia kioo, ukuta mzito unalimeza. Tofauti ipo, ila pazia zito au kibaraza cha mbele vitakusaidia mara nyingi zaidi kuliko kubishana na rangi. Nyumba inayopakwa rangi nzito kwa nje ndiyo ya kuogopa.

Giza ni kweli, wala sitakufichia. Watengeneza rangi wana kipimo cha mwanga unaorudishwa na ukuta, kuanzia 0 hadi 100. Nyeupe ya kawaida iko 80 na kitu. Rangi zenu hizi mbili kwa kawaida ziko chini ya 10. Maana yake balbu moja ya katikati ya dari, ambayo kwenye krimu ilikuwa inawatosha, kwenye kijani cha chupa itawapa duara la mwanga mezani na pango pembeni. Si kwamba mweke balbu kali zaidi, mtaumia macho. Mweke sehemu nyingi: mbili za ukutani, moja ya kusimama karibu na kochi, na ya katikati ibaki ya wageni. Waya zipitishwe sasa, kabla sijaona mtu anachimba ukuta uliokwisha kupakwa.

Kuna kitu hamkuniuliza ambacho ningeanza nacho kama ningekuwa hapo kwenu. Ukuta wenye dirisha msiupake rangi nzito. Ukuta huo mwanga hauupigi, unatoka ndani yake. Mchana ziwa likiwaka nje na kuzunguka dirisha kuna kijani cha chupa au bluu, jicho linakuwa linapigana na tundu la mwanga katikati ya weusi, na mtu aliyekaa chini ya dirisha hamwoni sura. Ukuta huo na pembe za ndani za dirisha viacheni rangi ya maziwa, ifanane na marumaru. Najua mmechoka na krimu. Huu mmoja tu. Dari nalo libaki jeupe, maana alasiri maji yanarusha mwanga juu na utaona viwimbi vinacheza darini. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya raha ya kukaa nyumba ya ziwani.

Zibaki kuta tatu. Kwa hizo, kijani si kijani tu. Kwenye kadi yako kuna kijani cha chupa kinachoelekea manjano na kingine kinachoelekea bluu, na dukani vyote viwili wanaviita jina moja. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya daftari, mchana, karibu na dirisha lakini si juani. Kile ambacho kando ya karatasi kinaonekana kama msonobari uliolowa ndicho chenye bluu. Kile kinachoonekana kama jani la mwembe ndicho chako. Wala usishangae kwamba vinachanganyika: bluu nyingi na kijani nyingi kali za kisasa zinatoka kwenye familia moja ya kemikali, thalosianini ya shaba, na ile ya kijani ni bluu ileile iliyoongezwa klorini. Kwa hiyo kijani cha bei rahisi kisichokolezwa manjano ya kutosha kina hamu ya kurudi kwenye bluu, na usiku chini ya taa nyeupe kitarudi.

Kisha vumbi. Kuanzia Juni mpaka Septemba, mvua ikiwa imekata, ile nyekundu yetu inaingia hata dirisha likifungwa. Kwenye bluu ya usiku inaonekana kama unga wa matofali, kila kingo ya swichi, kila juu ya skatingi. Kwenye kijani chenye manjano inaonekana pia, sidanganyi, ila inasomeka kama kivuli. Na mijusi. Hakuna kadi ya rangi inayokutajia mijusi. Choo chao kina ncha nyeupe, kikikauka juu ya ukuta mzito kinaonekana kutoka mlangoni, na ukikisugua na kitambaa kikavu unaacha alama inayong'aa kubwa kuliko ulichokiondoa.

Hiyo alama inayong'aa nieleze, kwa sababu ndiyo malalamiko namba moja ya watu wa rangi nzito, iwe bluu au kijani. Ndoo ya rangi nzito haina ule unga mweupe mwingi ulio kwenye ndoo ya krimu. Nafasi yake imechukuliwa na rangi ya kukolezea, na ikizidi hiyo ngozi ya rangi inakuwa laini na inachelewa kukomaa. Ukipitisha kucha kunabaki mstari mweupe. Bega la mtoto likisugua pale pale kila siku panakuwa kama pamepigwa polishi. Kwa hiyo wiki tatu au nne za mwanzo msioshe kuta hizo wala msisukumie makochi ukutani, hata kama kwa mkono zinaonekana zimekauka tangu siku ya kwanza.

Kung'aa je? Mafundi wengi watakwambia uchukue silki, ile rangi yenye mng'ao, kwa sababu inaoshwa. Kwenye krimu nakubali. Kwenye kuta zako za ubavuni, zile mbili zinazokutana na ukuta wa dirisha, jua la jioni linapita kwa kuchuchumaa, linateleza juu ya ukuta kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Kila kibonge cha lipu, kila mkwaruzo wa msasa, kila mshono wa rola utatoa kivuli. Silki nzito italitangaza kosa hilo hadi kwa jirani. Chukua isiyong'aa lakini ya kuoshwa, na puti ya kulainishia ukuta usiibanie pesa. Fundi wako akimaliza kupiga msasa, asubiri saa kumi na moja jioni, akague kwa jua lenyewe, azungushie penseli kila kasoro. Asubuhi hataona kitu na ataapa ukuta umenyooka.

Kabla ya puti, chunguza chumvi. Matofali yetu ya kuchoma, na hasa nyumba zilizo chini karibu na maji, hutoa unga mweupe sehemu ya chini ya ukuta unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi. Kwenye krimu unaweza kuishi nao miaka bila kujua. Kwenye kijani cha chupa utakuwa kama ramani. Bandika kipande cha nailoni cha upana wa sahani sentimita 20 juu ya sakafu, kizibe pembe zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma yake, usinunue rangi kwanza, tafuta unyevu unatoka wapi. Na kama lipu ni mpya, siku 28 zake zipite.

Praima nyeupe mliyo nayo itawalia rangi nyingi. Mwambie fundi apake mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa praima iliyotiwa kijivu juu yake. Kijani juu ya kijivu kinafunika kwa mikono miwili, mitatu ukuta ukiwa mkaidi, wakati juu ya nyeupe nimewahi kupaka mitano na bado nikaona mawingu.

Vipimo ni hivi. Kuta tatu ni mita 13 kwa kimo cha 3, mraba 39. Toa milango miwili, unabaki na 35. Lita moja kwenye ukuta uliopigwa puti vizuri inakwenda mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Mikono mitatu ni lita kumi na nusu. Nunua galoni tatu za lita 4, na zinunue siku moja, za mchanganyo mmoja. Zote zimiminwe kwenye ndoo moja kubwa na kukorogwa pamoja kabla ya brashi kugusa ukuta. Mimi mwenyewe nilishawahi kubana matumizi, nikaishiwa katikati ya ukuta, nikaagiza galoni moja kutoka Mwanza kwa namba ileile. Ilipofika, kwa jicho la dukani ilikuwa sawa. Ukutani kukawa na mstari wima kama mlango uliozibwa, na hadi leo mwenye nyumba amesimamisha kabati hapo.

Kabla ya kununua hizo tatu, nunua kopo dogo kabisa la kila rangi, ndiyo, na ya shemeji pia. Chukua vipande viwili vya ubao mwembamba au jipsamu bodi, sentimita 60 kwa 60, vipake mikono miwili hadi kingoni. Usipake moja kwa moja kwenye ukuta wenu mweupe, maana weupe unaozunguka utazifanya rangi zote mbili zionekane nyeusi kuliko zilivyo. Ziegemezeni mkabala na dirisha, kisha kwenye ukuta wa ubavuni, mzitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili na nusu jioni, na usiku taa zikiwaka. Siku mbili zinatosha. Asiwepo wa kumwambia mwenzake aone nini.

Na bluu, sasa. Umesema sebule inatazama magharibi, basi bila shaka kuna chumba cha kulala upande wa pili, mashariki. Huko jua linaingia asubuhi wakati mnaondoka, jioni chumba kina kivuli kilichopoa, na usiku taa ikizimwa weusi ndio unaotakiwa. Bluu ya usiku ipakwe ukuta wa kichwani mwa kitanda. Galoni moja itawatosha na kubaki. Mwambie shemeji ubao wake autazame humo, saa moja asubuhi, kabla hajatia neno, kisha mniandikie jua la Bangwe lilisema nini.